Sebule Isiyo na Mtu

Kaka yangu alikuja ofisini kwangu mchana kweupe, akageuza kiti cha wageni, akakikalia mgongo mbele, kisha akaniambia nimtafutie mkewe, kama mtu anayemwambia muuza duka amtafutie soksi za kijivu.

"Nimeambiwa yumo humo kwenye app yako," alisema. "Mwenye mali ni wewe. Fungua tu niangalie."

Ofisi ni neno la kujipa moyo. Ni chumba kimoja juu ya duka la fotokopi, na mashine za chini zikianza kazi meza yangu hutetemeka na kikombe cha chai husogea chenyewe hadi ukingoni. Nina kompyuta mbili, feni iliyovunjika shingo, na Sebule. Sebule ndiyo hiyo app. Niliijenga peke yangu baada ya kuacha kazi kwenye kampuni kubwa ya mambo hayohayo ya kukutanisha wapweke, na niliacha kwa hasira, sitaki kupamba. Siku hiyo meneja alisimama mbele yetu akatueleza, huku akitabasamu, kwamba mtu aliyepata mwenzi ni mteja aliyepotea. Kwa hiyo tusiwape watu haraka wale wanaowafaa. Tuwaonjeshe. Tuwaweke roho juu. Wakikaa kimya, tuwatumie ujumbe kwamba kuna mtu anawawazia, hata kama hakuna kiumbe anayewawazia. Nikauliza kama na mama zetu tutawafanyia hivyo. Wenzangu wakavunjika mbavu, wakidhani natania.

Sebule haifanyi hivyo. Unaingia, unazungumza na watu wachache, ukimpata wako unaondoka, nami nakushukuru. Haiuzi habari za mtu. Haimwambii yeyote unakaa mtaa gani. Walioingia na mazungumzo yao wamefungiwa kwa kufuli ambalo hata mimi sina ufunguo wake. Niliutupa makusudi, kwa sababu najijua, mimi si malaika.

"Siwezi kuona nani yumo," nilimwambia kaka.

"Umeijenga mwenyewe halafu huwezi kuona? Injinia gani wewe?"

"Injinia wa aina hiyo."

Akacheka. Kaka yangu ana kicheko kizuri, hilo lazima niliseme, maana ndilo tatizo lenyewe. Ni fundi wa friji na viyoyozi. Anaingia nyumba za watu, anapiga magoti nyuma ya friji, anatega sikio kama daktari, anatangaza kwamba mgonjwa ataishi, na kabla hajamaliza kufunga skrubu ameshapewa maji ya kunywa na habari zote za mtaa. Kila mtu ana namba yake, na yeye ana namba ya kila mtu. Wanamwita Baridi. Ukisema wewe ni dada yake Baridi, hata foleni inasogea.

Mkewe, wifi yangu, hakumwita Baridi. Yeye alikuwa akipigiwa simu na kaka kila saa, awe sokoni, awe kliniki, awe msalani, na kila mara ilibidi azungushe kamera ya simu aonyeshe yuko wapi na yuko na nani. Siku moja alikuja kwa mama na kifundo cha mkono kimefungwa bendeji, akasema ni mlango. Baadaye alimchukua mtoto akaondoka na begi moja. Ukoo mzima ukasema ana kiburi. Shemeji gani, mke gani, maneno yakawa mengi, na katika maneno yote hayo hakuna aliyeutaja ule mkono.

"Mtoto wangu yuko naye," kaka alisema. "Baba hana haki?"

"Akitaka kupatikana, atapatikana."

Kicheko kikazimika. Alinitazama, na nikaona yale macho ambayo wifi lazima alikuwa akiyaona jikoni kwake. Kisha tabasamu likarudi mahali pake.

"Basi nitaingia kama wateja wengine. Au utanikataza?" Akatoa simu, akaanza kuipakua app pale pale mbele yangu, huku akipiga mluzi.

Alipoondoka nilikaa vidole vikiwa juu ya kibodi. Kumfungia nje lilikuwa jambo la mstari mmoja tu wa programu, wenye namba yake. Lakini nilikuwa nimejiwekea sharti, na nimeliandika mlangoni pa Sebule watu walisome: mkono wangu hautagusa akaunti ya mtu yeyote, kwa sababu nzuri wala mbaya. Nilijua nikianza kwa kaka nitaishia pabaya, maana kila meneja niliyewahi kumchukia alianza na sababu nzuri. Nilikasirika. Nilimkasirikia yeye, nikalikasirikia sharti langu, nikakikasirikia hata kikombe cha chai kilichokuwa kikitembea.

Kilichobaki ni kanuni ya mama.

Unapoingia Sebule, kabla hujaandika hata jina lako, unaulizwa kama kuna namba za simu za watu ambao hutaki wakuone kamwe. Huulizwi kwa nini. Namba ukishaziandika husagwa, nami nikichungulia naona unga tu, siwezi kujua ulikuwa punje gani. Mwenye namba hiyo akija hakuoni, na hajui kwamba hakuoni. Na zaidi ya hapo, namba ikiandikwa na watu watatu tofauti, kila mmoja kwa wakati wake, mwezi mzima au zaidi kati ya mmoja na mwingine, mwenye namba haoni mtu yeyote. Anaona kiti kitupu.

Hiyo tatu ni ya mama. Kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa nidhamu katika shule ya sekondari ya wasichana, na hadi leo wanawake wazima wenye watoto wao wakimwona barabarani wanashusha sketi. Nilipokuwa naijenga Sebule nilimuuliza: mtu akimshtaki mwenzake, utajuaje si chuki? Alikuwa anapiga pasi, hata hakuinua kichwa.

"Akija mmoja, huenda ana kinyongo. Wakija wawili, huenda wamekula njama. Wakija watatu, kila mmoja kwa siku yake, na hakuna anayejua kwamba mwenzake alishafika, hapo mimi nilikuwa naacha kuuliza. Naita mzazi."

Nikaiandika hivyo hivyo ilivyo. Mama alifurahi sana. Aliwaambia majirani kwamba yumo ndani ya kompyuta.

Katikati ya wiki mama akanipigia. Jumapili njoo tule pamoja, kaka yako amekonda. Nikamuuliza kuna nini, akaanza kuzungukazunguka, na mama yangu akizunguka ujue ameshaamua. Wifi alikuwa akimpigia simu mara moja kwa wiki ili mtoto amsalimie bibi yake. Namba hiyo mpya mama ameihifadhi kwa jina la "Gesi", na hakuna aliyejua ila mimi na yeye.

"Nataka nimpe," alisema. "Wazungumze. Mtoto anahitaji baba yake."

"Mama, uliuona ule mkono."

"Niliuona. Na kaka yako nimemlea mimi, namjua."

"Akipata namba atampata na yeye. Unajua hivyo."

"Usinifundishe kuwa mzazi, mwanangu."

Nikamkatia mama simu. Sijawahi kufanya hivyo maishani mwangu, lakini ningepewa nafasi ningemkatia tena.

Jumapili tulikuwa wanne mezani: mama, kaka, mimi, na mama mdogo, yule mdogo wake mama anayeuza mapazia na anayeanza kucheka kabla hajasimulia kichekesho. Mama mdogo ni mjane, na yumo Sebule. Alinishika sikio mwenyewe akanionya kwamba nikimwambia mtu atanikana hadharani. Simu ya mama ilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Kila alipoinama kupakua nilikuwa naona umbo la simu pale.

Kaka alikula, akatania, akasifu mapishi. Kisha akafuta mikono, akatoa simu yake akaiweka katikati ya meza, karibu na jagi la maji.

"Jamani, niwaonyeshe kazi ya injinia wetu," alisema. "Nimo humo tangu siku ile nilipotoka kwake. Nimejaza kila kitu, picha nimeweka ile ya suti. Tazameni wenyewe."

Kwenye kioo kulikuwa na kiti nilichokichora mimi, na chini yake maneno niliyoyaandika mimi: Kwa sasa hakuna mtu wa kukuonyesha.

Asubuhi ile ile nilikuwa nimehangaika na seva iliyolemewa na watu. Mji mzima ulikuwemo humo. Kama wifi alikuwemo, alikuwa mmoja, na mmoja hawezi kuleta kiti kile. Wako wengine. Wanawake wasiojuana, kila mmoja kwa wakati wake, wameketi mahali na simu mkononi, na kabla hawajaandika hata majina yao wenyewe wameandika namba ya kaka yangu. Nikazifikiria friji zote. Nikazifikiria nyumba zote alikopiga magoti akapewa maji ya kunywa, mume akiwa kazini, na namba ikibaki kwenye simu baada ya fundi kuondoka.

Nilitaka kuipindua ile meza. Nilitaka kusimama nimwambie mbele ya mama yake: ni watatu, mwanaharamu wewe, si chini ya watatu. Na sikuweza. Akijua kwamba amefichwa, jioni hiyo hiyo angenunua laini nyingine kibandani, aingie kwa jina jingine, aanze kuwaza ni akina nani. Kitu pekee kilichowalinda wanawake wale ni yeye kuamini kwamba humo hamna mtu. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuonekana mjinga, basi.

"Bado changa," nilisema. "Watu hawajaingia."

"Hawajaingia!" Alipiga makofi. "Sebule bila wageni! Mdogo wangu, umeacha kazi ya mshahara ukaenda kupanga viti vitupu. Si bora ungekuja nikufundishe friji?"

Mama mdogo alicheka hadi akashika ubavu. Mimi nikacheka pia. Niliuuma ulimi nikacheka.

Kisha mama mdogo akanyamaza, akainamisha kichwa kuitazama ile simu. "Lakini mbona mimi kwangu..."

"Wewe kwako una simu ya kizamani." Ni mama aliyemkatiza, na hakutumia sauti ya mezani, alitumia ile ya gwaride la asubuhi. "Inakuonyesha mambo ya mwaka juzi. Toa vyombo."

Mama mdogo alifungua mdomo, akamtazama dada yake, akaufunga. Akakusanya sahani akaenda nazo jikoni bila neno, jambo ambalo halijapata kutokea.

Mama hakunitazama. Alikuwa anakitazama kile kiti.

"Hakuna hata mmoja?" aliuliza.

"Hata wa dawa," kaka alisema.

"Tangu ulipoingia?"

"Tangu nilipoingia."

"Na ulijiandikisha kwa namba yako ile ile?"

"Kwani nina nyingine? Hiyo hiyo, mama, mji mzima unayo."

Mama alimrudishia kaka simu yake kwa kidole kimoja, polepole, kama anasukuma kitu cha moto.

"Tuachane na mchezo," kaka alisema. "Mama, ulisema leo una jambo la kunisaidia. Kuhusu mke wangu."

Mkono wa mama ulikuwa umeshaingia mfukoni mwa aproni. Nikauona umeishika simu kwa ndani. Nilikuwa tayari kumrukia mama yangu mzazi.

"Sina," alisema.

"Sina nini?"

"Sina cha kukusaidia."

"Ulisema..."

"Nilisema. Sasa nasema sina."

Kaka alipiga meza kwa ngumi. Jagi liliruka, maji yakamwagika yakaelekea kwa mama, na mama hakusogea. "Nyinyi wote mnajua alipo!" alifoka. "Mnanificha mke wangu mwenyewe, mnanifanya mtoto!" Uso ule wa Baridi, uso wa watu wote, haukuwepo. Kulikuwa na uso mwingine, na mama alikuwa akiuangalia kama anayesoma.

"Ukipiga meza yangu tena, unatoka," mama alisema.

Halafu, Mungu wangu, kile kicheko kizuri. "Aa, mama, natania tu. Hasira za njaa." Akachukua kitambaa akayafuta yale maji mwenyewe, kwa uangalifu, akambusu mama kichwani, akaenda sebuleni kuwasha televisheni atazame mpira.

Mama mdogo tulimkuta jikoni amesimama na sahani zake, macho yamemtoka. Mama akamtuma sabuni dukani. Sabuni ilikuwepo, tele, mbele ya macho yetu wote watatu. Mama mdogo akaenda.

"Ni wangapi?" mama aliniuliza.

"Sijui."

"Si chini ya watatu."

Sikuwa na ruhusa ya kujibu.

"Inaweza kukosea, hiyo kompyuta yako?"

Alikuwa anaomba. Mwalimu wa nidhamu mzima, ameshika ukingo wa sinki, ananiomba niseme inaweza. Na hapo ndipo hasira yangu ilipopata mlango. Niliivuta chini isifike sebuleni, lakini niliitoa yote.

"Ilibidi wawe watatu, mama? Mmoja hakukutosha? Wifi alikaa pale, kwenye kile kiti pale, mkono umefungwa, akakutazama akasema ni mlango. Ukamwambia avumilie. Ukampa dawa ya kuchua. Yeye hakuwa mtu? Alikuwa anangoja wenzake wawili wafike ndiyo umsikie? Leo hii ungetoa namba. Kama si kile kiti kitupu, ungetoa namba ukarudi kukata matunda!"

Mama alipokea yote akiwa wima. Nilitaka ajitetee ili niendelee. Hakujitetea.

"Nilipokwambia watatu," alisema, "nilikuwa nawaza watoto wa watu."

Sebuleni watu wa kwenye televisheni walishangilia bao, na kaka akashangilia nao.

Mama alifuta mikono kwenye aproni, akatoa simu yake mfukoni akanipa. "Nitilie hiyo Sebule humu."

"Mama, ni ya wanaotafuta wenza."

"Sitafuti mtu. Nipeleke pale mnapoandika namba."

Nikampeleka. Haikuchukua muda. Ukurasa ulifunguka, ule wa kwanza kabisa, na kisanduku chake kimoja. Mama akaichukua simu akaishikilia mbali na macho kama anavyoishikilia siku zote, na kidole chake, ambacho bado kilikuwa na maji, kikaandika namba ya mwanawe. Hakuitafuta popote. Anaijua kwa kichwa tangu siku kaka alipopewa laini yake ya kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyemnunulia.

Akabonyeza. Kioo kikamwonyesha sentensi ambayo niliiandika mwaka jana nikiwa nimejifungia kule juu ya duka la fotokopi, nikiona fahari, nikidhani nimeandika jambo jema kuliko yote niliyowahi kuandika: Tumepokea. Huhitaji kueleza.

Aliisoma. Akaisoma tena, midomo ikicheza.

"Hakuna mahali pa kueleza?" aliuliza.

"Hapana, mama. Hakuna."

"Kwa sababu mimi nina ya kueleza. Ninayo tangu kaka yako akiwa darasa la saba."

Akausukuma mlango wa jikoni hadi ukafunga, akavuta kile kiti cha wifi akaketi, akaniambia nikae.